Uso wa Mwisho wa Mstari

Katika sebule ya Mama Maximilla, nje kidogo ya mji wa Bondo, zilitundikwa picha tatu kubwa za familia ya marehemu Mzee Absalom Opondo, na katika zote tatu mama yake Lorine hakuwa na uso. Mwili ulikuwepo. Kitenge kilikuwepo, viatu vilikuwepo, hata mkoba wa kwapani ulionekana. Lakini pale shingo ilipoishia palianza ukungu, na ndani ya ukungu huo mtu mwenye huruma angeweza kukisia pua.

Lorine alikuwa amezipita picha hizo miaka nenda miaka rudi bila kuziangalia. Aliyemfungua macho ni bintiye Shantel, wa miaka sita, walipokwenda kuwasalimia bibi zake mwezi wa Agosti. Mtoto alipanda juu ya kiti akaanza kuwahesabu bibi ukutani kwa kidole.

"Dani Maximilla. Dani Rachael. Na huyu asiye na uso ni nani?"

Mama Beldina, ambaye ndiye aliyekosa uso, alikuwa amekaa papo hapo akichagua mchele. Akacheka. "Ni mimi, nyathina, mjukuu wangu. Siku hiyo uso niliusahau jikoni."

Watu wote waliangua kicheko. Lorine hakucheka. Alimwona mama yake akiinamia sinia baada ya kicheko kwisha, akaishika punje moja ya mchele kwa muda mrefu kuliko punje yoyote inavyostahili. Lorine alikuwa mpiga picha. Alikuwa na kibanda chake mtaani Migosi, Kisumu, na watu walimjia kwa picha za pasipoti, za mahafali na za harusi; nyuso za watu ndizo zilizomlisha. Na uso wa mama yake mzazi ulikuwa umekaa ukutani miaka kumi na minne kama uji uliomwagika. Alikata shauri pale pale. Picha ijayo, mama yake angekuwa na uso, na uso huo ungeonekana mpaka kope.

Msinielewe vibaya, hakukuwa na njama yoyote. Hakuna aliyekaa akapanga Mama Beldina afichwe. Mkosaji, kama lazima apatikane, ni heshima. Mzee Opondo alioa wake watatu. Wa kwanza, Mikayi, ni Mama Maximilla, na nyumba yake inatazamana na lango. Wa pili, Mama Rachael, nyumba yake iko kushoto. Wa tatu, Reru, ni Mama Beldina, na yake iko kulia. Siku ya picha watu walijipanga kama nyumba zilivyopangwa. Mikayi na wanawe katikati, nyumba ya pili upande huu, nyumba ya tatu upande ule, na mama wa kila nyumba ya pembeni alisimama mwisho kabisa wa watu wake. Mama Rachael alijaliwa watoto wawili tu, kwa hiyo mstari wake uliishia karibu. Mama Beldina alizaa tisa, nao wakazaa. Kila mtoto aliyemzaa alimsukuma hatua moja kuelekea kwenye ukungu.

Mpiga picha naye hakuwa na pa kurudi. Mbele ya nyumba ya Mikayi kuna zizi la ng'ombe, na ukirudi nyuma hatua nane mgongo wako unagusa nguzo zake. Ukiingia zizini, nguzo zinaziba watu. Kwa hiyo ilibidi kutumia lenzi pana, ile inayomeza uwanja mzima kwa mara moja, na lenzi pana nyingi zina tabia hiyo: katikati ni kali kama wembe, pembeni zinasinzia. Njia nyingine zilikuwa zimejaribiwa. Siku ya mazishi ya Mzee, mwaka 2021, binamu mmoja alipiga kwa simu akiizungusha taratibu, mjomba mmoja akajikuna, akatokea na mikono mitatu. Mwaka uliofuata wakaleta kamera ya kuruka; ng'ombe waliruka ua wakapatikana siku ya pili, na Mama Maximilla akatangaza kwamba yeye hapigwi picha na nyuki.

Mwezi wa Novemba habari zikafika. Tarehe ishirini Desemba wangekutana wote kumkumbuka Mzee, watu sitini na mmoja, wakiwemo waliotoka ng'ambo, na ingepigwa picha ya nne, ya kuprintiwa upana wa mita mbili. Mama Maximilla, mwenye miaka themanini na mitatu, alituma ujumbe kwa kila nyumba. "Ni moja, na ni ya mwisho. Mimi nikishapigwa hii nimemaliza mambo ya picha."

Mpigaji angekuwa Sydney, kitinda mimba wa Mama Maximilla, kama kawaida. Sydney alikuwa na studio ya mlango wa kioo katikati ya Kisumu, na majuzi tu alikuwa amejinunulia lenzi pana mpya, nzito kama pakiti mbili za sukari. Lorine alimfuata huko huko studio.

"Nyaminwa," Sydney alimwambia dada yake akiipapasa lenzi yake, "hii kitu ni kali. Na si mchezo. Unaweza kuhesabu nzi kwa mgongo wa ng'ombe."

"Ng'ombe akiwa katikati."

"Ati?"

"Katikati ni kali, nakubali. Na pembeni?"

"Aah, pembeni nani anaangalia?"

Sydney hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana mwema, mcheshi, asiyemdhuru mtu. Lakini alikulia katikati ya picha, na mtu wa katikati hana sababu ya kutazama kando.

"Mimi naangalia," Lorine alisema. "Mama yangu ako huko."

Sydney akaacha kuipapasa lenzi. Alikuna kidevu, akatazama lenzi yake, akamtazama dada yake. "Basi leta yako tuzishindanishe. Yako ikiishinda yangu, mwenye haki zake tumpe. Lakini ishinde kwa ukweli, si kwa machozi."

"Sitalia," alisema Lorine, na akaondoka na lenzi ya Sydney kwenye begi, pamoja na maonyo tisa kuhusu vumbi, maji na wezi.

Lenzi yake mwenyewe ilikuwa ndogo na ya zamani. Alikuwa ameinunua Awasi kwa mpiga picha wa harusi aliyechoka na maharusi akageukia ufugaji wa kuku. Ukingo wake ulikuwa umebonyea, na ukiitikisa ilitoa mlio kidogo kama kiberiti. Lorine aliipenda, lakini mapenzi hayaongezi ukali wa lenzi. Alihitaji kipimo cha haki. Alihitaji kitu kipana kama familia yake, kilichonyooka, chenye alama zile zile ndogo ndogo kuanzia mwisho huu hadi mwisho ule, ili aone ni wapi hasa kila lenzi inaanza kusinzia. Kuta za Migosi zote zimepigwa plasta. Gazeti lilikuwa dogo mno. Alizunguka na wazo hilo siku mbili, mpaka alipokumbuka nyavu za Nabwire.

Nabwire alitoka Busia miaka mingi iliyopita akaja Kisumu kuuza samaki, na sasa alikuwa na mitumbwi miwili na nyavu zake mwenyewe pale ufuoni Dunga. Alizishona kwa mkono wake akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hakuna mvuvi aliyethubutu kumdanganya kuhusu tundu lililotoboka.

"Unataka kupiga picha neti yangu," alisema, akimkagua Lorine kwa jicho la pembeni. "Si mimi. Neti."

"Neti, Mama. Nataka ifungwe kati ya nguzo mbili, ikazwe, isimame kama ukuta."

"Sawa. Jicho la neti yangu ni inchi tano, kutoka huku mpaka kule, hakuna hata moja limepotea. Ukiona limepotea kwa hiyo kamera yako, ujue si langu."

Waliifunga asubuhi mapema, ziwa likiwa limetulia. Lorine alisimamisha kamera yake kwenye stendi ya miguu mitatu, mgongo wake kwa maji, hatua nane kamili kutoka kwenye wavu. Alipima kwa kamba kutoka stendi hadi nguzo ya kushoto, kisha hadi ya kulia, mpaka urefu ukalingana, maana wavu ukikaa upande hata kidogo, lenzi itahukumiwa kwa kosa la mpimaji. Akaanza na ya Sydney. Akapiga tundu la lenzi likiwa wazi, akalipunguza, akapiga tena, akalipunguza tena. Kisha akaweka lenzi yake kwenye kamera, akarudia vile vile, hatua kwa hatua, akiandika kila kitu daftarini. Halafu akakaa kwenye kivuli cha mtumbwi, akafungua kompyuta yake.

Lenzi ya Sydney ilikuwa ya ajabu katikati. Fundo la wavu lilionekana na nyuzi zake, na uzi mmoja uliochomoza ungeweza kuushika. Lakini ulipokwenda kulia, macho ya wavu yalianza kulainika, yakawa kama yamechorwa kwa chaki, na mwisho kabisa yakayeyuka. Lorine alifurahi kwa muda mfupi sana. Akafungua picha za lenzi yake. Katikati ilikuwa nzuri tu, si ya ajabu. Pembeni ilikuwa uji mtupu. Ilikuwa mbaya kuliko ya Sydney.

Akabana tundu zaidi. Ukungu ulipungua, lakini haukuisha, na kwa picha ya mita mbili ukungu mdogo ni ukungu mkubwa. Akarudia. Akapima kamba upya, akafuta kioo, akabadilisha urefu wa stendi, akarudia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja jibu lilikuwa lile lile. Saa saba mchana alikuwa amekaa chini mchangani, macho yanawasha, akimwona mama yake akichagua mchele.

"Kwani imekataa?" Nabwire aliuliza.

"Zote mbili zimekataa. Yangu ndiyo mbaya zaidi."

"Tafuta ya tatu."

"Sina ya tatu, na zimebaki siku nne." Akajipangusa uso kwa mkono wenye mchanga, akainuka. "Narudia."

"We mwanamke ni mbishi," alisema Nabwire, na katika kinywa chake hilo lilikuwa sifa. "Lakini harakisha. Upepo umeanza, na mimi siachi neti yangu ipasuke kwa sababu ya mama wa mtu."

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kweli kutoka ziwani. Wavu ulivimba kwenda upande wa pili kama shuka kwenye kamba, tumbo lake likirudi nyuma, ncha zake zikibaki zimefungwa kwenye nguzo. Nabwire alikuwa tayari amenyoosha mkono kufungua fundo la kwanza.

"Ngoja! Moja tu."

Akalenga katikati kwa lenzi yake mwenyewe, akapiga. Hakutarajia chochote, alipiga kwa ukaidi tu, kama mtu anayejaribu ufunguo mara ya mwisho kabla ya kumwita fundi. Alipoikuza picha hiyo kwenye kompyuta, akaisogeza moja kwa moja hadi ukingo wa kulia, alidhani amefungua faili lisilo lake. Macho ya wavu yalikuwa pale, mamoja mamoja, na mafundo yake. Akaenda kushoto. Yalikuwa pale. Akarudi katikati. Yalikuwa pale pia, si makali kama ya Sydney, lakini mazima na safi.

"Mama Nabwire, usifungue! Tafadhali, usifungue!"

Alipiga nyingine sita. Akabadilisha, akaweka lenzi ya Sydney, akapiga. Lenzi ya Sydney iliboreka kidogo pembeni, lakini iliendelea kusinzia. Yake yeye, ile kuukuu iliyobonyea, ilikuwa macho kuanzia nguzo hadi nguzo. Lorine alitazama wavu, akatazama picha, akatazama tena tumbo la wavu lililovimba, na ndipo akaelewa. Lenzi yake haikuwa mbovu. Ilikuwa ikiiona dunia kama ndani ya bakuli, kati ikiwa mbali na kingo zikiwa karibu. Na wao kwa miaka kumi na minne walikuwa wakisimama mbele ya kila lenzi wakiwa wamenyooka kama ubao.

Alimkumbatia Nabwire, akamtia mchanga shingoni. Kisha mikono yake ikalegea.

"Sasa nini tena?"

"Watu wasimame hivyo," Lorine alisema, akionyesha wavu. "Wakunje mstari. Walio mwisho waje mbele, wa katikati arudi nyuma. Na wa katikati ni Mikayi."

Nabwire aliishi na Wajaluo miaka ya kutosha kujua maana yake. Hakuna mke mdogo anayesimama mbele ya mke mkubwa, hata siku ya sherehe. Alikaa tena juu ya ndoo yake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Dawa umepata, binti yangu. Sasa nenda ukamnyweshe huyo mgonjwa."

Tarehe ishirini, baada ya maombi na kabla ya chakula, Lorine alimvuta Sydney nyuma ya jikoni akamwonyesha picha za wavu alizoprinti kwenye karatasi za kawaida, mbili mbili, ya huyu na ya yule. Sydney alizitazama muda mrefu bila mzaha. Kazi aliiheshimu. Alizisogeza karibu na pua, akazipeleka kwenye jua, akapitisha ukucha juu ya mafundo ya pembeni.

"Pembeni umenishinda," alikiri. "Lakini katikati nimekushinda wewe. Kwa hiyo mamangu apungue ndio wako aongezeke?"

"Wako atapungua unywele mmoja. Wangu atapata kichwa."

Sydney akazikunja karatasi, akamrudishia. "Hiyo ya lenzi mimi nimekubali," alisema. "Tumia yako. Lakini hiyo ya kumwambia asimame nyuma, aki mimi siwezi. Mwambie wewe."

Mama Beldina alikuwa amewasikia. Alimshika binti yake mkono pale pale, mikono yake ikinuka kitunguu. "Wacha, Lorine. Usitie watu kwa maneno siku ya Mzee. Mimi nimezoea."

"Mimi sijazoea, Mama."

"Mimi ni Reru. Nitasimama pangu."

"Simama pako. Mimi sikuhamishi. Nataka tu ukisimama pako, uonekane."

Aliingia sebuleni. Mama Maximilla alikuwa kwenye kochi, amevaa gauni la zambarau na kilemba cha kanisa, fimbo yake magotini. Lorine alipiga goti moja kidogo, akasalimia, akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuzunguka, akaonyesha picha za wavu, akakunja kiganja chake kama bakuli ili aelewe. Mama Maximilla alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nisimame nyuma ya Rachael na Beldina."

"Hatua moja na nusu tu, Mama Mkubwa."

"Nyuma ni nyuma."

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Ni nyuma."

Lorine alizikusanya picha zake kifuani. Alijua kwamba Mama Mkubwa akisema hapana, basi ni hapana mpaka kufa, na mama yake atakuwa ukungu kwenye picha ya nne pia, upana wa mita mbili. Alibaki pale pale amesimama, hakuondoka. Mama Maximilla alimngoja aondoke. Alipoona haondoki, akajiinua kwa fimbo, akaenda ukutani kwenye picha ya mazishi, ile aliyopiga Sydney.

"Beldina ako wapi hapa?"

Lorine alimwonyesha kwa kidole.

Mama Maximilla alisogeza uso karibu na kioo. Kisha akafanya jambo ambalo Lorine hakulitegemea. Alishika pindo la leso lililokuwa begani mwake, akapangusa mahali hapo, polepole, kwa mzunguko, kama mtu aliyezoea.

"Hapa ndio pananisumbua," alisema. "Kila Jumamosi napangusa. Nasema ni moshi, nasema ni mainzi. Tukanunua kioo kipya, bado. Nikagombana na fundi. Nikamfokea yule msichana wa kazi mpaka akalia, eti hajui kusafisha."

"Si uchafu, Mama Mkubwa," Lorine alisema, na sauti yake ikapasuka ingawa alikuwa ameapa kwamba hatalia. "Ni Mama."

Mkono wenye leso ulisimama juu ya kioo. Miaka yote hiyo mama huyo mzee alikuwa amempangusa mke mwenzake uso kila Jumamosi, akitaka aondoke. Nje watu walisikika wakiitana kutafuta viti. Halafu akaachia leso, akashika fimbo, akatoka nje bila kumwambia Lorine ndiyo wala hapana.

Watu walikuwa wameanza kujipanga kama walivyojua, mstari umenyooka mbele ya ukuta. Mama Maximilla alisimama katikati yao, akageuka, akaanza kutembea kwa fimbo yake akichora mchangani. Alianza mahali pake, akachora kwenda kulia, mstari ukikunja kuja mbele, mpaka akafika mbele ya Mama Beldina.

"Njoo hapa. Mbele."

"Mikayi, mimi..."

"Njoo mbele, nimesema. Rachael, na wewe, huko kwako."

Shemeji mmoja wa Mzee, mtu wa sauti kubwa, akashtuka. "Mikayi! Utasimamaje nyuma ya wadogo? Hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu," alisema Mama Maximilla. "Mimi ndiye nilifungua hii boma na Mzee kabla hujaota ndevu. Mbele ni mahali nimesimama mimi. Wewe ukinyooka vizuri utaingia kwa picha, usiponyooka utatoka."

Akanyooka.

Lorine alifanya kazi haraka, kabla mtu hajabadilisha nia. Sydney alimshikia kamba kutoka kwenye stendi: urefu wote kwa Mikayi, fundo moja pungufu kwa wanawe, mbili kwa walio kando, tatu kwa walio mwisho. Watu walilalamika, wakasogea, wakakanyagana, wakacheka. Warefu walirudi nyuma, watoto wakakaa chini, kila nyumba mahali pake vile vile kama ilivyokuwa tangu zamani, isipokuwa sasa mstari ulikuwa umekunja mikono yake. Alilenga kwenye kilemba cha Mama Maximilla. Akaangalia ukingo wa kulia kwenye kioo cha kamera. Akaangalia tena. Akaseti kamera ijipige yenyewe mara nane, akakimbia akijikwaa, akasimama nyuma ya bega la mama yake.

"Usipumue," alimwambia.

"Nisipopumua nitakufa."

"Basi pumua kidogo."

Kamera ikapiga, ikapiga, ikapiga.

Walizifungulia sebuleni, kompyuta juu ya meza, watu wamejazana hadi dirishani. Katika picha saba kati ya nane alikuwepo aliyefumba macho au mtoto aliyegeuka. Ya tano tu ndiyo ilikuwa na watu wote sitini na mmoja wazima. Lorine hakuanza katikati. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa mstari, akakuza, akakuza tena, mpaka uso ukajaa kioo chote.

Ulikuwa uso kweli. Kulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, pengo la jino la pembeni, mikunjo miwili mirefu kando ya mdomo, na kope zake, chache, moja moja. Lorine alitaka kumtazama mama yake akaogopa.

Sydney, aliyekuwa ameinama begani kwake, alisogeza picha hadi katikati. "Iko sawa," alisema kwa mshangao. "Hata huku iko sawa. Lakini Mama hakuangalia kamera! Oneni. Anaangalia kule. Turudie, watu hawajatawanyika."

Ilikuwa kweli. Sasa kwa kuwa mstari ulikuwa umekunjwa, waliosimama wangeweza kuonana, na katika picha ya tano Mama Maximilla alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama Mama Beldina.

"Nilisema moja," Mama Maximilla alijibu kutoka kwenye kochi. "Hiyo hiyo."

Mama Beldina alikuwa amepenya kati ya watu hadi kwenye meza. Alimwomba Lorine arudi pale mwisho. Alijitazama kwa muda mrefu, akagusa mkunjo wa shavu lake kwa kidole, kisha akagusa ule wa kwenye kioo.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema taratibu.

"Umezeeka, ndiyo," alisema Mama Maximilla. "Sisi tumezeeka huko ukutani miaka yote, kila mgeni akituona. Wewe ulikuwa umejificha. Sasa njoo uzeeke na wenzako."

Akasogea kwenye kochi ili mke mwenzake apate pa kukaa.